Mpaka wa Isebania na Mtoto wa Litein

Safu hii ilinyamaza kwa wiki mbili, na wako waliotuletea ujumbe kuuliza kama tu wazima. Tu wazima, alhamdulillahi. Tulikuwa safarini bara, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, na kutoka huko tukateremka hadi Isebania, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania upande wa ziwa. Tuliondoka Mombasa tukiwa wawili, kwenda kumchukua bibi mmoja wa kwetu tumpeleke Musoma akampe mkono wa pole mdogo wake aliyefiwa na mume. Yaliyotupata njiani yanazihusu nyumba nyingi za pwani zenye ndugu ng'ambo ya mpaka. Mwenyewe ametupa idhini tuyaandike, kwa sharti la kutomtaja jina. Basi tutamwita Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alizaliwa Vanga. Mumewe, Allah amrehemu, alikuwa dereva wa malori yaliyokuwa yakishusha chai kutoka Kericho hadi Mombasa, zama zile chai ikipakiwa katika makasha ya mbao. Katika kupanda na kushuka akapata kiwanja Litein, akafungua duka, akamleta mkewe, na hapo Bi Mkubwa amekaa hata leo. Kiswahili chake hakikubadilika hata chembe. Amejifunza Kikipsigis cha kutosha kuulizia bei na kumtuliza mtoto wa jirani, na amezoea mvua ya kila alasiri inayokuja na baridi ambayo sisi watu wa joto hatuiwezi. Mdogo wake aliolewa mwaka 1974 na fundi wa mitambo ya meli, mtu wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi ziwani. Siku hizo bibi harusi alipanda meli Kisumu akashuka Musoma, na watu wakaona jambo la kawaida. Reli, bandari, posta na ndege zilikuwa za pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967.

Wasomaji wetu wa Vanga na Lunga Lunga wanaujua mpaka huu kwa upande wake wa mwanzo. Waingereza na Wajerumani waliupanga mwaka 1886, wakauanzisha kwenye mlango wa mto Umba, pale pale kwetu, wakauvuta kuelekea kaskazini-magharibi, wakauzungusha mlima Kilimanjaro, kisha wakaunyoosha hadi ziwani kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Ni mstari wa zaidi ya kilomita 750. Upande wa pwani uliwakata Wadigo na Wavumba. Katikati ukawakata Wamaasai. Na huko mwisho, kabla ya kuzama ziwani, ukawakata Wakuria, nusu wakabaki upande wa Kehancha na nusu upande wa Tarime. Tulipomweleza Bi Mkubwa kwamba mpaka uliopita nyuma ya nyumba ya baba yake Vanga ndio huo huo unaomtenga na mdogo wake huku magharibi, alicheka kidogo, akasema, "Kumbe umenifuata."

Anayo sababu ya kusema hivyo. Mwezi wa Februari 1977, baada ya shirika la ndege la pamoja kuanguka na Jumuiya ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983, marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha na kukubaliana juu ya kugawana mali ya Jumuiya, baada ya miaka ya usuluhishi wa Mswisi aitwaye Victor Umbricht. Vitabu hueleza habari ya mabehewa, ndege na madeni. Katika nyumba ya Bi Mkubwa miaka hiyo hukumbukwa kwa jambo moja: mama yao alifariki Vanga mwaka 1979. Yeye aliletewa simu ya maandishi, akafika siku ya pili, matanga yangaliko. Mdogo wake aliye Musoma alipata habari baada ya miezi mitatu, kwa barua iliyobebwa na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyepita porini. Alilia peke yake katika mji asio na ndugu hata mmoja. Bi Mkubwa husema mdogo wake hakumlaumu kamwe, na kwamba angalimlaumu ingalikuwa afadhali.

Mwaka huu, basi, ilipokuja simu kwamba shemeji yake ameaga dunia, hakutaka kusikia habari ya kungoja. Mdogo wake yumo edani. Mwanamke wa eda ya kufiwa hatoki nyumbani kwake miezi minne na siku kumi ila kwa dharura, kwa hivyo ni wa nje ndiye amwendee. Maziko aliyakosa, maana maiti ya Kiislamu haingojei wasafiri, lakini pole aliapa ataipeleka kwa mikono yake. Wanawe wa kiume wako mbali na kazi zao, bintiye yuko Muscat. Ndipo tukaitwa sisi.

Tulisafiri usiku hadi Nairobi, tukashika gari la kupitia Narok, Mulot na Longisa. Baada ya Narok nchi ni ya ngano na ng'ombe, kavu na wazi; ukivuka kuingia Bomet ardhi hujikunja kuwa vilima, na chai huanza. Mara ya kwanza huwa ni viraja vidogo kando ya nyumba, kisha vilima vizima vilivyokatwa sawasawa kama zulia jipya. Wachumaji walikuwa mashambani, kikapu mgongoni, mikono ikienda upesi juu ya majani mawili na kitumba chake. Kandokando ya barabara kuna vibanda ambako wakulima wadogo hupeleka majani yao yakapimwe kabla lori la kiwanda halijayapitia. Mjini Bomet hupita mto Nyangores, utokao msitu wa Mau. Huungana na mto Amala ukawa mto Mara, hupita mbuga ya Maasai Mara, huvuka mpaka ukaingia Serengeti, na humwaga maji yake ziwani si mbali na Musoma. Maji ya Bomet humfikia mdogo wake Bi Mkubwa pasi na kugongewa muhuri.

Tukitaja mbuga, na tuseme kwamba hapo zamani palikuwa na njia nyingine ya kuvukia huko. Kusini kabisa mwa Maasai Mara liko lango la Sand River, na kabla ya 1977 magari ya watalii yalikuwa yakipita hapo moja kwa moja kuingia Serengeti. Lango lile halikurejea kuwa njia ya wasafiri hata baada ya 1983. Nyumbu huvuka kila mwaka. Mtu anayetaka kutoka Bomet kwenda Tanzania ataushika mzunguko wa magharibi: Kaplong, Sotik, Kisii, Rongo, Migori, mpaka Isebania.

Litein tulilala siku mbili. Jirani wa Bi Mkubwa, mama wa Kikipsigis ambaye watoto wake wamekulia ukumbini kwake, alituletea mursik, maziwa yale yaliyolazwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa, akatuangalia tunavyoyaonja. Mmoja wetu aliyamaliza. Wa pili hataki iandikwe. Jirani huyo huyo alileta pia pakiti sita za majani ya chai ya kiwanda cha huko, akasema hizo ni za mfiwa Musoma, kwa kuwa haendewi mtu msibani mikono mitupu. Hilo ni neno la kwetu pia, tukalipokea kwa furaha.

Maandalizi tuliyafanya, au tulidhani tumeyafanya. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuanzia mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haimo katika makubaliano hayo, kwa hivyo aendaye huko ni lazima awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki itolewayo na uhamiaji. Tulikuwa na pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano tulikuwa nacho pia, na Bi Mkubwa tulikuwa tumemhimiza achanje mapema, kwani chanjo hiyo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku kumi. Tangu Julai 2016 cheti kimoja humtosha mtu maisha yake yote, na wenye vyeti vya zamani wasikubali kuambiwa vimekwisha muda. Yote haya tuliyapanga katika mfuko mmoja wa plastiki, tukajiona wajuzi.

Tuliyemsahau ni mtoto.

Bi Mkubwa analea mjukuu wake wa miaka tisa, mtoto wa yule binti aliye Muscat. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na ilikuwa alale kwa jirani. Asubuhi ya safari mtoto alishika buibui la bibi yake hakuliachia. Jirani akasema mwacheni aende akamwone bibi yake mdogo. Sisi nasi tukasema, mtoto mdogo yumo mkononi mwa bibi yake mzaa mama, nani atamuuliza? Neno hili tunaliandika ili liwe ushahidi dhidi yetu, kwani tulilisema wote wawili, na mmoja wetu ana wajukuu wanne.

Barabara kutoka Sotik hadi Isebania ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Chai yakusindikiza hadi milima ya Kisii, ndizi zinaingia kati, kisha hupotea na mahali pake hushikwa na miwa ya Awendo na mashamba ya tumbaku ya Migori. Joto hurudi. Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja katika msikiti mdogo wa Migori, tukapewa maji na watu wasiotujua, na magharibi ilikuwa bado mbali tulipofika Isebania. Aliyezoea Lunga Lunga atauona mji huu una pilikapilika zaidi: malori yamejipanga kando, bodaboda wanaita kila mtu mama, wabadilishaji fedha wameshika mabunda mkononi. Hao msibadilishe nao ila baada ya kuhesabu fedha zenu kabla hazijatoka kwapani.

Kituo chenyewe ni cha namna ya siku hizi, ambayo nchi za Jumuiya zimeijenga katika mipaka mingi: Holili na Taveta, Busia, Namanga, na kwetu Horohoro na Lunga Lunga. Zamani ulisimama upande huu ukatolewa, ukaenda kwa miguu, ukasimama tena upande wa pili ukaingizwa. Sasa maofisa wa nchi zote mbili huketi ndani ya jengo moja, nalo ni lile la nchi uiendeayo. Aendaye Tanzania hulipita jengo la Kenya bila kusimama, akafika jengo la Sirari, na humo ndani hukutana kwanza na ofisa wa Kenya wa kumtoa, halafu ofisa wa Tanzania wa kumpokea. Ni utaratibu mzuri. Hupunguza foleni na jua. Lakini ndio uliotuleta katika hali ya ajabu, maana tulipozuiliwa tulikuwa tumekwisha kanyaga ardhi ya Tanzania hali kisheria hatujatoka Kenya.

Ofisa aliyekuwa dirishani alikuwa binti wa heshima zake. Alizigonga pasipoti zetu, akaigonga ya Bi Mkubwa, kisha akainua kichwa.

"Nyanya, na huyu mtoto, hati yake iko wapi?"

"Mtoto ni wangu, mwanangu. Ni mjukuu wangu."

"Sawa, nyanya. Hati yake?"

Bi Mkubwa alipekua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ofisa aliifungua, akaisoma, akaisoma tena. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Tanzania. Mtoto amezaliwa Musoma, baba yake ni mtu wa huko huko. Ofisa akauliza aliingia Kenya lini na kwa hati ipi. Hapo sote tukanyamaza, ila Bi Mkubwa, ambaye hajui kusema uongo hata ungemfaa. Akaeleza kwamba ndoa ya bintiye ilivunjika mtoto akiwa wa miezi minane, na kwamba mama mtu alimfunga mgongoni akapanda bodaboda usiku, wakapita njia ya panya katikati ya mahindi, wakatokea Isebania alfajiri. Tangu siku hiyo mtoto hajaandikishwa popote. Shule ilimpokea kwa kujuana.

Ofisa akamgeukia mtoto mwenyewe. "Wewe kijana, ni wa nchi gani?"

"Wa Litein," akasema.

Hakuna aliyecheka. Binti yule aliiweka ile karatasi mezani, akaongea nasi polepole kama mtu aongeaye na wazazi wake. Alisema mtoto hawezi kuvuka bila hati yake mwenyewe na bila idhini ya maandishi ya mzazi, hata akiwa na bibi yake wa damu, kwa sababu watoto huibwa na kupitishwa mipakani na wenye kuwaiba nao husema ni bibi zao. Kisha akaongeza jambo lililotutia baridi: tungefaulu kumpitisha, pengine tusingeweza kumrudisha. Angeingia Tanzania akiwa mtoto wa huko, mwenye cheti cha huko, na baba wa huko. Kwa kumrudisha Kenya angehitaji ruhusa ya baba ambaye kwa miaka minane hajauliza hata kama mtoto anakula.

Tulitoka nje tukasimama kivulini. Simu ya Muscat ilikuwa imezimwa. Mama yake mtoto huwasha usiku tu, kazi ikiisha. Bi Mkubwa hakusema kitu. Alikuwa akitazama barabara iendayo Tarime, na sisi tulijua anahesabu miaka tangu 1979. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha gongwa. Mwishowe mmoja wetu akasema, mimi nitabaki na mtoto upande huu, nyinyi nendeni. Kumfafanulia mtoto kwa nini bibi yake anaweza kupita na yeye hawezi kulikuwa kugumu kuliko mazungumzo yote ya dirishani. Alirudi Kenya kwa miguu bila kugeuka nyuma, ameshika chupa ya chai iliyokuwa tupu.

Wasomaji watatuwia radhi tukiiacha safari kwa muda tuseme juu ya sheria, maana tumeulizana juu yake na wanaojua. Kabla ya mwaka 2010, mwanamke wa Kenya aliyezaa nje ya nchi hakuweza kumpa mwanawe uraia wa Kenya. Katiba ya zamani ilimtazama baba peke yake. Mabinti zetu wangapi walioolewa Tanga, Pemba, Moroni na Maskati wameyaonja haya? Katiba ya 2010, kifungu cha 14, ililifuta jambo hilo. Mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje, na hukumu hiyo inawafikia hata waliozaliwa kabla ya katiba yenyewe. Hivyo mtoto wa Litein ni Mkenya, na alikuwa Mkenya usiku ule katikati ya mahindi. Alichokosa ni karatasi ya kuuthibitisha ukweli huo, nayo hupatikana kwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mama.

Kwa sheria ya Tanzania naye ni raia wa huko kwa upande wa baba. Akiwa mtoto hayo mawili hayagombani. Ila Tanzania, kwa sheria yake ya uraia ya 1995, haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hivyo atakapofika miaka kumi na minane huko watamtaka achague. Kenya haimlazimishi hivyo. Wazazi wenye watoto wa namna hii na wayajue mapema, wasije wakayajulia kwenye dirisha la chuo au la ajira.

Na jambo la ndoa nalo liko hapa. Nikaha ya binti huyu ilifungwa Musoma kwa mashahidi wengi na biriani nyingi, lakini cheti cha ndoa hakuna anayejua kiliko, wala cha talaka. Mbele ya Mola wetu ndoa ilikuwa ndoa. Mbele ya ofisi, hasa ofisi ya nchi nyingine, mama wa namna hii hubaki akieleza maisha yake kwa mdomo. Sisi wa safu hii tumehudhuria harusi nyingi ambazo mpiga picha aliwekewa miadi miezi mitatu kabla, na karatasi ya kadhi ikaachwa kwenye kiti cha gari.

Turudi mpakani. Aliyevuka na Bi Mkubwa anasimulia kwamba kwa ofisa wa Tanzania hapakuwa na tatizo lolote. Alimwamkia bibi shikamoo, akatazama cheti cha homa ya manjano, akagonga, akasema poleni na msiba. Katika dirisha la forodha zile pakiti sita za chai zilitazamwa na kuruhusiwa kama zawadi. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya haziliwi ushuru zikiwa na cheti cha asili, na wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 wana cheti chepesi wanachojaziwa pale pale mpakani. Akina mama wauzao vitenge na nafaka wakiulize, badala ya kuwalipa vijana wa njia za panya ambao huondoka na mzigo wenyewe.

Kutoka Sirari walipanda gari dogo, wakapita Tarime, wakavuka mto Mara kwenye daraja la Kirumi. Bi Mkubwa aliambiwa maji yale yametoka upande wa Bomet. Akaomba dereva apunguze mwendo ayaone. Walifika Musoma usiku. Mdogo wake alikuwa ukumbini amevaa nguo za eda, hawezi kuja hata kizingitini, na Bi Mkubwa mwenye magoti mabovu aliupita ua wote bila fimbo yake. Walikaa wameshikana mikono muda mrefu. Neno la kwanza lililosikika lilikuwa la mdogo mtu: "Umekuja, dada. Mimi kwa mama sikuja." Mwenzetu akatoka nje, kwa kuwa maneno yaliyofuata hayakuwa yake kuyasikia.

Upande wa huku, aliyebaki Isebania alipata chumba katika nyumba ya wageni iliyo safi, karibu na msikiti. Mtoto siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alianza kuhesabu malori na kuandika namba zao kwenye daftari, yanayokwenda safu moja na yanayorudi safu nyingine, na akagundua mwenyewe kwamba mengi huenda yamejaa na kurudi yamejaa. Aliuliza kama chai ina pasipoti. Tulimwambia chai ya Uganda, Rwanda na Burundi husafiri kuja Mombasa, kwenye mnada uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na kila gunia lina karatasi zake. Akafikiri, akasema, "Gunia lina na mimi sina." Usiku wa siku hiyo simu ya Muscat ilipatikana. Mama alilia, akaomba radhi, akasema karatasi zake zimo ndani ya sanduku chini ya kitanda cha Litein, katika bahasha ya kaki, isipokuwa kitambulisho, ambacho amekichukua.

Bi Mkubwa alirudi siku ya nne. Alikuja na mfuko wa dagaa, ambao huku upande wa Kenya huitwa omena, na kanga mbili za mdogo wake zilizovaliwa, zenye harufu ya udi wake. Safari hii tulipaswa kulipita jengo la Sirari tukaingia la Isebania. Mtoto alikuwa amekwisha ulizia utaratibu, akamngojea bibi yake mahali hasa palipo sahihi, nje ya lango, hatua moja nyuma ya mstari uliopakwa rangi.

Tulifika Litein mvua inanyesha. Bahasha ya kaki ilikuwa pale pale iliposemwa, na ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mama, kadi ya kliniki ya mtoto kutoka Musoma, na, tusivyotarajia, cheti cha ndoa, kimelowa pembe moja lakini chasomeka. Jirani alijitolea kwenda na Bi Mkubwa Kericho kuulizia fomu. Nakala ya kitambulisho imeombwa Muscat. Mara ya kwanza ilikuja picha ya giza isiyosomeka, na mpaka tunapoandika safu hii tunaingoja ya pili. Eda ya Musoma imebakiza siku hamsini na tatu. Ikimalizika, mdogo mtu amesema, zamu ya kuvuka ni yake, na anataka apelekwe Vanga.